Heshima Yetu Ilipotelea Wapi?

Nataka tuongee juu ya adabu.

Kila mara ninapoketi na watu barazani ninasikia neno hili: "Watoto wa siku hizi hawana heshima." Mzee analisema, mama analisema, mwalimu vilevile. Kijana anampita mzee bila kumsalimu. Kwenye bomba la maji msichana anasukuma bidoni ya mama mwenye umri wa nyanya yake na kumwambia, "Wewe mkimbizi, ngoja wenyeji wachote kwanza." Mambo hayo yanaumiza. Lakini nikuulize: mtoto huyo alijifunza wapi? Hakuna anayezaliwa na matusi mdomoni. Maji yakiwa machafu, mwenye akili hupanda mto aone yalichafuliwa wapi. Basi tupande pamoja katika historia ya nchi yetu.

Zamani, katika vijiji vyetu vya Kivu na Maniema, salamu haikuwa jambo la haraka. Ulimpa mtu mzima mkono wa kuume, na mkono wa kushoto ukaushika ule wa kuume, kuwa alama ya heshima. Mgeni alipewa mahali pa kukaa kabla ya kuulizwa habari ya safari. Wazee walipokata maneno barazani, kila mtu alingoja mwenzake amalize kusema. Lakini tusidanganyane, ndugu zangu. Hata zamani hizo heshima haikumfikia kila mtu. Mtumwa hakuwa na neno, na mama mara nyingi alisemewa na wengine. Kwa hiyo sikuambii kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Ninakuambia kwamba kulikuwa na njia ambayo kila mtoto aliijua.

Mwaka 1885 nchi yetu ilifanywa mali ya Mfalme Leopold II, na mwaka 1908 ikawa koloni la Ubelgiji. Unajua habari ya mpira, ya kazi ya nguvu na ya viboko. Leo ninataka uangalie kitu kingine kilichofuatana na viboko, nacho ni namna ya kumwita mtu. Mwanaume aliyefanya kazi nyumbani kwa mzungu aliitwa "boyi", maana yake mtoto, hata kama alikuwa na wajukuu. Wengine waliitwa makako, yaani tumbili. Tena, Kifaransa kina njia mbili za kumwambia mtu "wewe". Kuna "vous", ya heshima, na kuna "tu", ya rafiki, ya mtoto na ya mtu anayedharauliwa. Mzungu alimwambia mzungu mwenzake "vous". Mtu mweusi, hata awe mzee wa namna gani, aliambiwa "tu".

Hata adabu yenyewe iligeuzwa kuwa mlango wenye kufuli. Tangu mwaka 1948 Mkongomani aliyesoma aliweza kuomba kadi ya sifa njema, na tangu 1952 aliweza kuomba kuandikishwa kama mtu mstaarabu. Kabla ya kumpa karatasi hiyo ya pili, wakaguzi waliingia hata nyumbani mwake. Nyumba ni safi? Anakula na uma na kisu? Anaishi namna gani na mkewe? Waliofaulu walikuwa wachache sana katika nchi yenye mamilioni ya watu. Ona basi: watu walewale waliomwita mzee "boyi" ndio waliokuja kumpima kama ana adabu.

Jeraha hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba lilisemwa wazi siku ya uhuru. Tarehe 30 Juni 1960, kule Léopoldville, mbele ya Mfalme Baudouin, Waziri Mkuu Patrice Lumumba alihesabu mateso ya ukoloni. Katika mateso hayo alitaja lile neno "tu", ambalo mtu mweusi aliambiwa, wala si kwa sababu ya urafiki. Fikiri, msikilizaji. Kulikuwa na mambo ya ardhi, ya jela na ya mauaji, na bado aliona ni lazima kusema juu ya neno dogo la dharau. Alijua kwamba mtu anaweza kusamehe njaa upesi kuliko dharau.

Baada ya Mobutu kushika utawala mwaka 1965 na kuipa nchi jina la Zaire mwaka 1971, tuliamriwa kuacha "Bwana" na "Bibi" za Kifaransa. Kila mtu akawa "citoyen" au "citoyenne", maana yake mwananchi. Mfagiaji na waziri wakaitwa jina moja. Jambo hilo lilikuwa na uzuri wake. Lakini jina halishibishi. Mwananchi mmoja alijenga nyumba za fahari, mwananchi mwingine hakulipwa mshahara. Katika hotuba ya mwaka 1976 Mobutu mwenyewe aliwaambia watu kwamba anayeiba aibe kidogo, na kwa akili. Baba akisema hivyo mezani, watoto watafanya nini? Hapo matabishi yakawa desturi. Askari njiani, karani ofisini, wote walinyosha mkono. Na aliyekosa cha kutoa alifokewa kama mbwa.

Jeraha kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa shuleni. Katika miaka ya 1990 serikali iliacha kuwalipa walimu inavyopaswa, na wazazi wakalazimika kuwalipa kwa ile tuliyoiita primu. Mtoto ambaye baba yake hakulipa alifukuzwa mbele ya wenzake. Mtoto aliyelipa naye alijua ni mama yake anayemlisha mwalimu. Mmoja alijifunza aibu, mwingine alijifunza kiburi. Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba shule ya msingi ya serikali ni ya bure. Lakini waliofukuzwa zamani wamekwisha kuwa wazazi, na hao ndio tunaowauliza leo, "Kwa nini hamkuwafundisha watoto wenu heshima?"

Sasa tunafika mahali pagumu. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Ndimi zilifunguliwa, na tulishukuru. Lakini wengine walitumia uhuru huo kutukana. Katika Kivu, kabila lilimwita kabila lingine wageni, nyoka, wezi wa ardhi. Mwaka 1993, kule Walikale na Masisi, majirani waliokuwa wakiuziana maharagwe sokoni waliuana. Mwaka 1994, kwa jirani zetu wa Rwanda, redio iliwaita watu mende kabla ya kuuawa na wakati wa kuuawa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, Tanzania, iliwahukumu watu wa redio na wa gazeti kwa ajili ya maneno yao. Ninayasema haya katika redio makusudi, ili ujue kwamba hata chombo hiki kinaweza kuua. Panga halianzi kazi lenyewe. Ulimi hulifungulia njia.

Mimi nilisoma sheria, na mara nyingi watu wananiuliza kama sheria zetu zinajua mambo haya. Ndiyo, zinajua. Tangu tarehe 7 Juni 1966 tuna sheria inayoadhibu maneno na matendo ya chuki ya rangi au ya kabila. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 11, inasema kwamba watu wote wanazaliwa huru na sawa katika heshima na haki. Kifungu cha 16 kinasema mtu ni mtakatifu. Lakini hakimu hufika nyuma, wakati neno limekwisha kuuma. Nani atakayekuwa kwenye bomba la maji asubuhi ili kumlinda yule mama? Hakimu hatakuwapo. Utakuwapo wewe.

Ndiyo sababu nasema ukosefu wa adabu katika nchi hii haukuanzia kwa watoto. Ulianzia juu, kwa wenye nguvu, ukashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mtoto mwenye bidoni. Basi na dawa ianzie kwa yule aliye na nguvu zaidi ya mwenzake.

Wewe shefu, siku ya kugawa chakula, mwite mtu kwa jina lake na jina la baba yake. Usimwite kwa nambari peke yake. Mzee aliyekuwa na ng'ombe na shamba asiitwe kwa mluzi. Wewe mwenyeji, neno "mkimbizi" ni hali inayopita, si jina la mtu. Mwite mama, mwite baba, mwite ndugu. Wewe uliyekimbia vita, nawe una deni la heshima. Usikate mti wala usichume katika shamba la mtu bila kuomba, hata kama moyo wako una uchungu. Na wewe mzazi, kabla ya kumlaumu mtoto, jisikilize jioni ukiwa jikoni: unawaitaje watu wa kabila lile lingine? Mtoto yuko hapo, anasikia.

Kesho asubuhi, ukikutana na mtu asiyeweza kukupa kitu wala kukufanyia ubaya, simama, mpe mkono, muulize ameamkaje, na ungoje jibu lake. Waliotuharibia walianza kwa neno dogo. Na sisi tunaweza kuanza kutengeneza kwa neno dogo.