Buku huyu, buku hii

Sokoni Buguruni, muuzaji wa nyanya akisema "fungu buku", mnunuzi hutoa shilingi elfu moja. Usiku, mtu akipiga kelele "buku!" karibu na mfereji, hakuna anayeshika mfuko. Anatajwa panya mkubwa, mkia mrefu wenye ncha nyeupe, mashavu yenye mifuko ya kubebea mbegu na matunda hadi shimoni.

Upatanisho ndio unaotenganisha maneno haya. Mnyama ni buku huyu, buku wawili. Fedha ni buku hii, buku mbili. Mtoto wa Buguruni hakosei hata kabla ya kuanza shule, na hilo hunifurahisha kila nikilisikia.

Buku asichanganywe na ndezi, mla mabua na majani wa kwenye matete, asiye na mifuko mashavuni.

Naomba pia waandishi wenzangu tusiogope jina la buku. Magawa, aliyefunzwa na shirika la APOPO lenye makao Morogoro, alinusa mabomu ya kutegwa ardhini na vilipuzi vingine, jumla zaidi ya 100, huko Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la hisani la Uingereza mwaka 2020. Alikuwa buku.