Tabia, Hari na Chuku

Wanachama wapya wa klabu huja na swali lile lile: Waarabu tunaosoma nao hapa Education City, Al Rayyan, wakisikia neno "tabia", mbona wao huelewa maumbile na sisi tunaelewa mwenendo wa mtu?

Jibu limo katika tiba ya kale. Galen, tabibu wa Kigiriki, alifundisha kwamba mwili huendeshwa na vimiminika vinne: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873, alivitafsiri vitabu vyake kule Baghdad, kisha Ibn Sina akayapanga mafundisho hayo katika Qanun. Kila mtu alikuwa na mchanganyiko wake wa hari, baridi, unyevu na ukavu, na huo ndio uliomfanya awe mkali, mpole au mwenye majonzi. Maumbile na mwenendo vilikuwa kitu kimoja. Kiswahili kimehifadhi pande zote mbili: tuna tabia ya mtu, na tuna tabianchi. Bibi zetu wa pwani nao bado wanatuambia chakula hiki kina baridi, kile ni cha moto.

Lakini elimu hiyo ina upande mchungu, na unatuhusu sisi. Al-Masudi aliijua pwani yetu. Mwaka 916 alisafiri kutoka Qanbalu, ambayo wengi huiona kuwa Pemba, kurudi Oman. Aliwasifu Wazanji kwa ufasaha na kwa wahubiri wao. Hata hivyo, alipotaka kueleza uchangamfu wa watu weusi, alinukuu maneno ya Galen kwamba sababu ni udhaifu wa ubongo. Amewasikia watu wakihutubu, halafu anakiamini kitabu! Mwaka 1377 Ibn Khaldun aliikataa hoja ya ubongo kwa kuwa haina ushahidi, ila akaweka joto la nchi mahali pake. Ni nafuu, lakini nafuu ndogo.

Darasani, kutia chumvi kwa namna hiyo tunakuita chuku. Na chuku, kabla ya kuwa tamathali ya usemi, ni pembe ya kuumikia, ya kunyonya damu chafu. Nyama huvimba ndani ya pembe. Tunadhani ndipo maneno ya kuvimbishwa yalipopatia jina. Mwenye maelezo mengine atuletee kabla ya toleo lijalo.