Poda na ndagala

Kila asubuhi nilikoroga poda ya protini, nikanywa nimesimama, nikaenda kazini. Kwetu Minago asubuhi ilikuwa muhogo na ndagala, waliovuliwa usiku kwa taa wakaanikwa mchangani. Mei 2015 tulifuata ziwa hadi Kagunga. Liemba, meli ya Wajerumani ya mwaka 1913, ikatupeleka Kigoma. Nyarugusu chakula cha asubuhi kikawa unga wa mgao, mahindi na soya: maji moto, koroga, kunywa. Kumbe poda yangu ni uji uleule, ila hii nainunua mwenyewe!

Sasa nakaanga ndagala wa duka la Waafrika, nyanya, kitunguu, nachemsha muhogo. Shida kipimo. Mama alipikia watu tisa, na mkono wangu bado unamwaga wa tisa.