Soko la dhahabu: muuzaji hukatwa nini, mnunuzi hulindwa na nini

MCHIMBAJI mdogo wa Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, hauzi dhahabu kwa kilo. Huuza kwa gramu, na chini ya gramu huhesabu kwa pointi, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Kwa mtu wa kiwango hicho, tofauti ya pointi moja au mbili kwenye mizani si jambo dogo. Ni chakula cha siku kadhaa katika duara.

Ndiyo maana mjadala wa makato katika masoko ya madini haujapoa tangu masoko hayo yalipoanzishwa mwaka 2019. Muuzaji anataka kujua kinachokatwa na kinakwenda wapi. Mnunuzi anataka uhakika kwamba anachokilipia ni dhahabu kweli, na kwamba hatanyang'anywa njiani kwa kukosa karatasi.

Masoko yalivyozaliwa

Januari 22, 2019, aliyekuwa Rais wa Awamu ya Tano, Dk. John Magufuli, alikutana na wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wa madini jijini Dar es Salaam. Kilio kikubwa cha wachimbaji kilikuwa wingi wa kodi, ikiwamo Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Waliokwepa walisema wazi kuwa kulipa yote hayo kulikuwa sawa na kufanya kazi bure.

Mwezi uliofuata Bunge lilirekebisha sheria na kodi hizo mbili zikaondolewa kwa wachimbaji wadogo. Machi 17 mwaka huo, aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alizindua soko la dhahabu la Geita. Mikoa mingine ikafuata, na kwa eneo la Msalala soko lililo karibu likawa Kahama. Leo nchi ina masoko zaidi ya 40, mbali na vituo vidogo vya ununuzi vilivyowekwa karibu na machimbo ili mwenye gramu mbili asilazimike kupanda basi kwenda mjini.

Yaliyobaki baada ya mabadiliko ya 2019 yalikuwa makato matatu: mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi ya asilimia 1 na ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 unaokwenda halmashauri. Jumla ilikuwa asilimia 7.3. Kwa mzigo wenye thamani ya Sh10 milioni, muuzaji aliacha Sh730,000. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliongeza kodi ya zuio ya asilimia 2 kwa mauzo ya wachimbaji wadogo, ambayo kwa mfano huohuo ni Sh200,000 nyingine.

Hapa pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Makato haya hupigwa kwenye thamani ya mzigo wote, si kwenye faida. Mchimbaji aliyetumia Sh9 milioni kwa baruti, mafuta, karasha na chakula hukatwa sawasawa na yule aliyetumia Sh3 milioni. Baada ya hapo bado kuna mgawo wa mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Lawama kwamba makato hayo ni mengi si uvivu wa kulipa kodi.

Mizani na kiwango

Hata hivyo, hesabu ya makato ya serikali haitoshi bila kuangalia makato yasiyoandikwa popote.

Thamani ya dhahabu huamuliwa na mambo matatu: uzito, kiwango cha usafi na bei ya siku. Bei ndiyo iliyo wazi zaidi. Huanzia soko la dunia la London, ambako hupangwa mara mbili kwa siku za kazi kwa wakia moja ya gramu 31.1, na Tume ya Madini hutoa bei elekezi. Siku hizi mchimbaji mwenye simu huiona bei ya dunia akiwa palepale mwaloni.

Kiwango ndicho kichaka cha wajanja. Chukua kipande cha gramu 10 chenye usafi wa asilimia 90. Ndani yake mna gramu 9 za dhahabu halisi. Mnunuzi wa vichochoroni akitamka kuwa ni asilimia 80, muuzaji amelipwa gramu 8. Amepoteza asilimia 11 ya mali yake kwa neno moja tu, kiasi kinachozidi mrabaha, ada ya ukaguzi na ushuru wa huduma kwa pamoja. Mizani ikipunguza na nusu gramu, hasara inapaa zaidi. Mtu huyo atarudi nyumbani akijisifu kuwa amekwepa kodi.

Ndani ya soko, mzigo hupimwa mbele ya maofisa kwa mizani inayopaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo, na kiwango husomwa kwa mashine ya mionzi badala ya jicho la mnunuzi. Wanunuzi wako zaidi ya mmoja, hivyo bei ya wa kwanza inaweza kukataliwa. Hiyo ndiyo huduma ambayo muuzaji anailipia, apende asipende.

Tatizo ni kwamba wapo wauzaji ambao bei yao imeshaamuliwa kabla hawajafika kwenye mizani. Duara linaweza kuchimbwa miezi kadhaa bila kutoa kitu, na katika kipindi hicho anayeleta unga, mafuta na fedha za dharura mara nyingi ni mnunuzi wa dhahabu. Dhahabu ikipatikana, ni yake kwanza, kwa bei aliyoipanga yeye. Kwa mchimbaji wa namna hiyo, soko ni jengo tu. Hakuna kanuni ya soko inayoweza kumlinda kabla hajapata mkopo wenye masharti nafuu kuliko huo.

Upande wa mnunuzi

Mnunuzi naye ana hofu zake. Dhahabu iliyochomwa haraka hubaki na zebaki ndani, na ikiyeyushwa upya uzito hupungua. Ndiyo maana mnunuzi makini huyeyusha kwanza, kisha hupima.

Kipimo cha maji, kinachotumiwa na wengi, hutegemea uzito wa dhahabu: gramu 19.3 za dhahabu safi huchukua nafasi ya gramu 1 ya maji. Shaba nyeupe au nyekundu hujulikana mara moja, maana ni nyepesi mno. Lakini madini ya tungsteni yana uzito unaokaribia kabisa ule wa dhahabu, na yakipakwa dhahabu juu, maji hayayafichui. Mashine ya mionzi nayo husoma tabaka la juu tu. Dawa yake ni kutoboa au kuyeyusha: dhahabu huyeyuka kwa nyuzijoto 1,064 za Selsiasi, na tungsteni hudumu hadi kupita 3,400.

Wanaotapeliwa vibaya zaidi ni wale wanaonunua kwa picha za mtandaoni. Mbinu ni ileile miaka yote: bei ya chini mno kuliko ya London, kisha mnunuzi adaiwe ada ya ghala, ya bima na ya usafirishaji kabla hajaona mzigo. Utaratibu halali hauko hivyo. Dhahabu inayotoka nchini hupitia kwa mfanyabiashara mwenye leseni, hukaguliwa, hufungwa kwa lakiri na kupewa kibali. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, si kwa namba ya simu ya mtu.

Punguzo la Benki Kuu

Tangu Oktoba 1, 2024, wachimbaji na wafanyabiashara wanaouza nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya kusafishwa nchini na kuuzwa Benki Kuu ya Tanzania. Anayeuza kwa njia hiyo hupewa nafuu: mrabaha hushuka hadi asilimia 4 na ada ya ukaguzi huondolewa. Kwa Sh10 milioni, hiyo ni Sh300,000 inayobaki mfukoni.

Inabaki mfukoni mwa nani, ndilo swali la Bugarama. Mchimbaji wa gramu tano hafiki mwenyewe kwenye kiwanda cha kusafisha cha Mwanza au Geita. Huuza kwa dalali, dalali kwa mfanyabiashara mkubwa, naye ndiye anayepeleka mzigo. Nafuu itamfikia mchimbaji kama tu itaonekana kwenye bei ya gramu anayotajiwa dirishani. Kwa hiyo stakabadhi anayopaswa kuidai ni ile inayotenganisha uzito, kiwango, bei ya gramu na kila kato kwa jina lake, badala ya kumwonyesha jumla ya fedha alizopewa.