Anayezidiwa na dawa za kulevya huokolewa na aliye karibu naye

URAIBU unapotajwa katika kaunti za Kericho na Bomet, wengi huwaza kwanza juu ya chang'aa na busaa. Hawajakosea, kwa kuwa pombe ndiyo iliyovuruga familia nyingi zaidi katika nyanda hizi za majani chai. Hata hivyo, lipo kundi jingine la dawa ambalo huua kwa njia yake, nalo ni afyuni na jamaa zake: heroini, mofini, kodeini, pethidini, tramadoli na fentanili. Baadhi huuzwa vichochoroni. Nyingine ni dawa halali za maumivu zinazotolewa hospitalini na kuhifadhiwa nyumbani.

Ukanda huu una sababu ya pekee ya kuzifahamu dawa hizo. Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet imewatibu kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa saratani ya umio, maradhi yanayoshambulia eneo hili kuliko sehemu nyingi za dunia. Mgonjwa wa saratani anapofikia hatua ya maumivu makali, mofini ni haki yake wala familia haipaswi kuiogopa ikiwa inatumiwa kama daktari alivyoagiza. Linalohitajika ni kuifungia mbali na watoto na vijana, na kurejesha hospitalini inayosalia mgonjwa anapofariki.

Jinsi zinavyoua

Dawa za jamii ya afyuni hutuliza maumivu kwa kunasa sehemu maalumu za ubongo. Sehemu za aina hiyo zimo pia katika eneo linaloongoza upumuaji. Dozi inapozidi, pumzi hupungua, hewa haiufikii ubongo, na hatimaye moyo husimama. Mara nyingi jambo hilo halitokei papo hapo. Huweza kuchukua saa moja au zaidi tangu dawa kutumiwa. Katika muda huo, aliye karibu ana nafasi ya kuokoa maisha.

Hatari huongezeka sana dawa hizi zikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi, kwa kuwa navyo hudhoofisha pumzi. Mtu aliyezoea chupa kadhaa za pombe, kisha akameza vidonge vya maumivu alivyopewa na rafiki, anaweza kufa kwa kiasi ambacho kila kimoja peke yake kisingemuua.

Dalili kuu ni tatu. Kwanza, mhusika haamki hata akiitwa kwa sauti na kutikiswa. Pili, pumzi zake ni chache, zinakatika, au anakoroma kwa mkoromo mzito usio wa kawaida. Tatu, mboni za macho yake zimesinyaa zikawa ndogo kama ncha ya sindano. Aidha, midomo na kucha hubadilika na kuwa za kijivu au buluu.

Mkoromo huo ndio huwapoteza wengi. Wenzake husema, "Mwacheni alale, pombe itamtoka," na kunapokucha wanamkuta amekata roho.

La kufanya

Anayeona dalili hizo aite msaada na kutafuta gari la kumfikisha hospitalini mara moja. Wakati wa kusubiri, ahakikishe njia ya hewa iko wazi. Ikiwa mgonjwa hapumui, apuliziwe pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano hivi, na mapigo ya moyo yakikoma, akandamizwe kifua. Ikiwa anapumua, alazwe ubavu ili akitapika asipaliwe. Asimwagiwe maji, asinyweshwe maziwa wala kahawa, asilazimishwe kutapika, na asiachwe peke yake.

Ipo dawa inayobatilisha nguvu za afyuni, iitwayo naloksoni. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mnamo 1983, na mwaka wa 2014 likapendekeza kwamba watu wanaoweza kumshuhudia mtu akizidiwa, wakiwemo jamaa na marafiki, waweze kuipata na kufunzwa kuitumia. Hudungwa kwa sindano au kupulizwa puani, na hurejesha pumzi katika dakika chache. Hata hivyo, nguvu zake huisha baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu, ilhali heroini au vidonge vinaweza kuwa bado vimo mwilini. Kwa hivyo, aliyezinduka sharti apelekwe hospitalini na kuchungwa.

Naloksoni haitibu sumu ya pombe. Methanoli iliyotiwa katika pombe haramu iliua zaidi ya watu 100 Nairobi mwaka wa 2000, na makumi wengine katika kaunti kadhaa mnamo Mei 2014. Anayelalamika kwamba macho yanamtia kiwi, hata ikiwa ni siku moja baada ya kunywa, apelekwe hospitalini bila kuchelewa.

Funzo kutoka Pwani

Kenya imekwisha kujifunza mengi kuhusu heroini, iliyoanza kuenea Pwani katika miaka ya themanini. Desemba 2014, serikali ilianza kutoa methadoni katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikafika Malindi. Tanzania ilikuwa imetangulia kwa kuanza katika hospitali ya Muhimbili mwaka wa 2011.

Methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni, lakini hunywewa kwa kipimo mbele ya mhudumu, na dozi moja hutosha siku nzima. Humwondolea mraibu maumivu ya kukosa dawa na kumwezesha kufanya kazi na kulea watoto. Vituo vingi vya methadoni vimejengwa Pwani na Nairobi, palipo na watumiaji wengi wa heroini. Kwa mchumaji majani chai wa Sotik au Litein, huduma inayomtaka afike kila siku ni safari asiyoweza kuimudu. Ndiyo sababu ujuzi wa majirani una uzito mkubwa zaidi huku.

Mwenye kovu usidhani kapoa

Wengi hudhani kwamba hatari hukoma mraibu anapoacha. Kinyume chake, kipindi cha baada ya kuacha ndicho cha hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa. Mwili wa mtumiaji huzoea dawa na kustahimili dozi kubwa. Akikaa wiki chache bila kuitumia, iwe gerezani, hospitalini au katika kituo cha urekebishaji, mazoea hayo hutoweka. Akirudia dozi yake ya zamani hata siku moja, humuua. Wiki za kwanza za kurejea nyumbani ndizo za kumtembelea, kula naye na kutomwacha akae peke yake.

Anayeacha pombe naye anahitaji uangalifu wa namna nyingine. Mlevi wa miaka mingi akikatizwa ghafla anaweza kupatwa na kifafa na kuweweseka, na baadhi hufa. Kumfungia chumbani "mpaka imtoke" si tiba. Apelekwe hospitalini ili apewe dawa za kumtuliza.

Katika mashamba makubwa ya majani chai, kazi na nyumba huenda pamoja. Sheria ya Ajira ya 2007 humruhusu mwajiri kumfuta anayelewa kazini hata asiweze kufanya kazi yake. Sheria hiyo hiyo humhakikishia mfanyakazi, baada ya miezi miwili kazini, angalau siku saba za likizo ya ugonjwa kwa malipo kamili na saba kwa nusu malipo kila mwaka. Matibabu ya kulazwa kituoni kwa kawaida huchukua miezi mitatu. Mfanyakazi anayejua kwamba atapoteza kazi na paa kwa pamoja ataficha maradhi yake hadi yamzidi. Waajiri na vyama vya wafanyakazi wakikubaliana juu ya likizo ndefu ya matibabu, watakuwa wameziba ufa kabla ya kulazimika kujenga ukuta.

Kwa wakulima wadogo, bonasi inayolipwa kila Oktoba huwa mtihani kwa anayejaribu kuacha. Familia inaweza kukubaliana naye mapema kwamba fedha hizo zilipe karo au zihifadhiwe katika chama cha akiba, na si kumnyang'anya kwa fedheha.

Halmashauri ya kupambana na mihadarati, NACADA, hutoa ushauri bila malipo kupitia nambari 1192. Nao wahudumu wa afya ya jamii, ambao hutembea nyumba hadi nyumba, wakifunzwa kutambua pumzi inayofifia, wataweza kuifikisha elimu hii kwa kila familia.