Kumiliki Ardhi, Kukosa Baraza: Historia Fupi ya Hog Hammock katika Kisiwa cha Sapelo

0. Utangulizi

Katika utawala wa Marekani kuna vijiji na vitongoji vingi ambavyo havikupewa hati ya kuwa mji. Wakaaji wake hawana meya wala baraza lao. Mambo yao huamuliwa na kaunti, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya jimbo. Makala haya yanachunguza kijiji kimoja cha namna hiyo, Hog Hammock, katika kisiwa cha Sapelo, pwani ya Jimbo la Georgia. Swali letu ni hili: hati ya ardhi inamfaa nini mtu asiyekuwa na neno katika baraza linaloiamulia ardhi hiyo?

Watu wa Sapelo, waitwao Gullah-Geechee, ni uzao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Mwanaisimu Lorenzo Dow Turner, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1949, alionyesha kwamba lugha yao imehifadhi maneno mengi ya Kiafrika, yakiwemo ya Kikongo. Karanga inayoitwa «goober» katika pwani hiyo ni «nguba» ya Wakongo. Kwa hiyo habari zao si ngeni kwetu.

1. Kutoka utumwani hadi umilikaji

Mwanzoni mwa karne ya 19 Thomas Spalding alianzisha kisiwani mashamba ya pamba na miwa. Msimamizi wa watumwa wake alikuwa Bilali Muhammad, Mwislamu mzaliwa wa Futa Jallon, aliyeacha maandishi kwa hati za Kiarabu ambayo hadi leo yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Georgia.

Utumwa ulipokwisha mwaka wa 1865, watu walioachwa huru hawakungoja kugawiwa ardhi. Mwaka wa 1871 William Hillery na wenzake walinunua eneo la Raccoon Bluff, na familia zikajenga nyumba, kanisa na shule. Walilima, walivua samaki na chaza, walisuka vikapu na nyavu. Kukosa hati ya mji hakukuwaumiza kitu, kwa kuwa hakuna tajiri aliyeitamani ardhi ile.

2. Kukusanywa mahali pamoja

Hali iligeuka matajiri walipofika. Howard Coffin alinunua sehemu kubwa ya kisiwa mwaka wa 1912. Mwaka wa 1934 ikapita mikononi mwa R. J. Reynolds, mrithi wa mali ya tumbaku. Yeye ndiye aliyewahamisha watu wa vijiji mbalimbali, Raccoon Bluff ikiwamo, akiwakusanya Hog Hammock kwa kubadilishana viwanja. Kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1960. Baada ya kifo chake mali yake iliuzwa kwa Jimbo la Georgia, sehemu moja mwaka wa 1969, nyingine mwaka wa 1976. Hivyo wakaaji walibaki na hekta 170 hivi, wamezungukwa pande zote na ardhi ya serikali.

3. Maisha bila baraza

Kisiwa hakina daraja la kukiunganisha na bara. Shule ilifungwa mwaka wa 1978, na watoto wakawa wanavuka kwa feri ya serikali kwenda kusoma. Tarehe 19 Oktoba 2024, siku ya sherehe ya utamaduni wa kisiwa, njia ya kupitia abiria gatini ilivunjika na watu 7 wakafa.

Viwanja vingi vimerithiwa bila kugawanywa, hata mrithi mmoja aliyehamia mbali aweza kuuza fungu lake. Wageni wakinunua na kujenga majumba ya mapumziko, thamani ya ardhi hupanda, na kodi hupanda nayo. Ili kuzuia hayo, kanuni za kaunti ya McIntosh ziliwekea nyumba za Hog Hammock kikomo cha futi za mraba 1,400, yaani mita za mraba 130. Mwezi wa Septemba 2023 baraza la kaunti, lenye makao yake bara, liliongeza kikomo hadi futi 3,000, kwa kura 3 dhidi ya 2. Wakaaji, ambao hawafiki mia moja, walikusanya sahihi kudai kura ya wananchi. Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Georgia iliwapa haki hiyo. Walakini hata kura hiyo ni ya kaunti nzima. Mwenye nyumba humwomba jirani wa ng’ambo ya maji amlindie kizingiti chake.

4. Hitimisho

Ununuzi wa mwaka wa 1871 uliwapa watu wa Sapelo hati, haukuwapa mamlaka. Wala si rahisi kwa watu wachache hivyo kuugharimia utawala wa mji wao wenyewe. Kwetu hali imekuwa kinyume. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya nchi ni mali ya Taifa. Mwanakijiji anaye mfalme wa kimila wa kumsemea, anaijua mipaka aliyoachiwa na babu zake, lakini mara nyingi hana hati. Kule hati imekosa baraza. Huku baraza limekosa hati. Historia ya Hog Hammock inatuonya kwamba mwenye kimojawapo tu bado hajawa na kwao. Wanaodai hati kwa ajili ya vijiji vyetu wanadai jambo la haki, ila wasiliache baraza nyuma.