Watoto Kumi wa Boston

Ndugu msikilizaji, mwaka 1947 mtoto aliyepatwa na lukemia, yaani saratani ya damu, hakuwa na dawa. Aliongezewa damu, wazazi wakabaki kuhesabu majuma. Mjini Boston, Marekani, Dk. Sidney Farber, ambaye kazi yake hasa ilikuwa uchunguzi wa maiti na maradhi katika maabara, aliamua kujaribu. Kwanza aliwapa watoto hao vitamini ya jamii ya foliki, ile iliyomo katika mboga za majani. Ikawa balaa: ugonjwa ulikwenda mbio zaidi.

Mwingine angeficha aibu. Farber aligeuza swali: kama vitamini hii inailisha saratani, je, tukiinyima? Mkemia Mhindi, Yellapragada Subbarow, na wenzake walimpa aminopterini, kitu kinachofanana na vitamini hiyo na kuihadaa chembe ya mwili. Juni 1948 Farber alitangaza kuwa kati ya watoto 16, 10 walipata nafuu. Nafuu ile ilikuwa ya muda tu, ndiyo, lakini kabla yake hapakuwa na kitu.

Dawa nyingine zilifuata. Mojawapo, vinkristini, hutoka katika ua la Madagaska ambalo wengi hulipanda mbele ya nyumba kwa urembo tu. Leo katika nchi tajiri watoto wapatao 9 kati ya 10 wenye lukemia ya aina ya kawaida hupona.

Tatizo ni wale waliobaki. Iko aina ambayo hitilafu ya chembe ya urithi iitwayo KMT2A huziacha chembe nyingine za urithi wazi, zikisomwa wakati zingepasa kunyamaza. Damu changa haikomai, inazaana tu. Elimu ya alama hizi za kufungua na kufunga chembe za urithi huitwa epijenetiki. Ili kufanya uharibifu wake, KMT2A hushikana na protini iitwayo menini. Dawa ya revumenib huuvunja mshikamano huo, na chembe za damu huanza tena kukomaa.

Novemba 2024 Marekani iliiidhinisha kwa wagonjwa waliorudiwa na maradhi au walioshindwa na tiba nyingine. Katika majaribio, kama mgonjwa 1 kati ya 5 alipata nafuu kamili. Tena iliidhinishwa kuanzia umri wa mwaka 1. Na lukemia ya KMT2A, ndugu msikilizaji, huwapata zaidi wachanga ambao hawajatimiza mwaka huo.